Kwa Nini Mbegu ya Tonga Haitafunwi

Hapo kale, nchi hii ilipokuwa bado haina njia, tonga halikuwa na gamba hili gumu mnaloligonga jiweni. Lilikuwa na ganda laini kama la embe bivu, na watu walilimenya kwa vidole. Utamu na ugwadu wake vilikuwa vilevile. Mbegu zake ndizo zilizokuwa na mambo.

Aliyetafuna mbegu moja alishikwa na usingizi, akajikuta katika nchi ya ukungu ambako wafu wake walikuwa wakiendelea na kazi zao. Aliwaamkia, akaagana nao, akaamka. Aliyezidisha mbegu hakuamka, na watu walisema amekaribishwa vizuri. Mimi nasema ulikuwa ujinga, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Basi Lihumbo alifiwa na mkewe, Namkonda, akabaki na binti yao Somoe, ambaye meno ya utotoni yalikuwa ndiyo kwanza yanamng'oka. Mwanzoni Lihumbo alitafuna mbegu moja, akamkuta mkewe akikandika nyumba kwa udongo. Walikaa tu, ukungu ukiwapita miguuni polepole. Kisha akatafuna mbili, kisha nne. Shamba likaota magugu. Somoe alishinda kando ya baba yake aliyelala, akimfukuzia nzi, akiogopa.

Siku moja Lihumbo alijaza mbegu kinywani. Namkonda alimwona akija, lakini hakuacha kukandika.

“Somoe umemwacha na nani, baba Somoe?”

“Yupo, anacheza.”

“Mwongo. Namsikia analia. Rudi, bwana. Mimi huku sioni njaa, yeye anaiona.”

Lihumbo akaketi chini, hataki. Ndipo Namkonda alipochota udongo, akauendea mtonga uliokuwa pale, mama wa mitonga yote ya huku kwetu, akayakandika matonga yote moja moja, akiyasugua mpaka yakawa magumu. Alikuwa akilia, maana naye alimpenda.

Huku nyumbani Somoe aliona midomo ya baba yake inapauka. Akamtia vidole kinywani, akazikokoa mbegu zote, akazishika kiganjani. Lihumbo akakohoa, akafumbua macho, akauona ule mkono mdogo uliolowa mate. Aliona haya mno. Kisha akamuuliza mwanawe kama amekula.

Na tangu siku hiyo tonga lina gamba la kukandikwa. Bichi hatulili; twangoja liwe la njano, lidondoke lenyewe. Twalipasua, twanyonya nyama yake, mbegu twazitema nzima. Na mla tonga hali peke yake: mwenziwe humkingia kiganja chini ya kidevu, azipokee.

Mimi alinikingia mume wangu miaka arobaini. Sasa ananikingia mjukuu wangu. Siwafichi, ziko siku nimetamani kuitafuna moja. Bado sijaitafuna.