Sekunde Tisini za Bi Sikudhani

"Mlango haupimwi kwa mwenye mbio." Mmeusikia msemo huo leo, mkaniuliza ni mlango gani huo na mbio za nani. Basi sikilizeni. Methali hii ilizaliwa ndani ya ndege, na ilizaliwa hivi.

Alikuwapo mama mmoja, Bi Sikudhani Mbaruku, mpiga chapa mstaafu, mwenye goti bovu la kulia. Maishani mwake hakuwa amewahi kupanda ndege. Siku moja akasikia redioni kwamba Shirika la Ndege la Mbayuwayu limenunua ndege mpya na linatafuta watu wa kuketi ndani yake kwa asubuhi moja. Akapiga simu kujiandikisha. Karani aliandika jina, umri hakuuliza.

Siku ilipowadia, alivaa gauni lake la Idi. Uwanjani akashangaa: abiria wenzake wote walikuwa vijana wa chuo cha michezo, wamevaa raba na bukta. Makarani nao wakatazamana. Lakini kila kiti kilitakiwa kuwa na mtu, na alikuwa amepungua mmoja. Wakampandisha.

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa karatasi nyeusi. Injini kimya. Bi Sikudhani akafunga mkanda, akasoma dua ya safari, akangoja weee. Hata mtikisiko hakuusikia.

"Mwanangu," akamwuliza msichana wa dirishani, "tunaruka saa ngapi?"

"Haturuki, mama. Tunatoka."

"Tunatoka kwenda wapi?"

"Nje."

"Si ndiko nilikokuwa?"

Hakuna aliyemweleza kwamba ndege, kabla ya kupewa cheti cha kubeba abiria, hujaribiwa: taa huzimwa, nusu ya milango hufungwa, na watu wote hutakiwa kutoka ndani ya sekunde tisini.

Ghafla giza. Sauti zikapaa: "Fungua mikanda! Toka! Toka!" Bi Sikudhani akapapasa mkanda, kichwa kinamzunguka. Tumeanguka? Mbona hatujapaa? Akainuka, goti likanasa kwenye kiti cha mbele, maana viti vilikuwa vimebanana kama meno. Msichana wa dirishani akakwama nyuma yake. Waliokuwa mbele walikwishatoka. Wa nyuma wakajazana njiani. Mwishowe wakambeba, wakamtelezesha kwenye mtelezo wa mpira uliojazwa upepo hadi chini, akatua na kiatu kimoja.

Mkaguzi wa serikali, Mhandisi Naetwe, akatazama saa yake: dakika mbili na sekunde kumi. Akatazama karatasi. Vijana tupu, juzi kwenye mazoezi, walikuwa wametumia sekunde sabini na nane. Ndege ni ile ile. Aandike hesabu ipi?

"Jaribio hili lifutwe," akasema Bwana Kisoka, meneja wa shirika. "Mama huyu amepanda kwa makosa."

Bi Sikudhani akamkodolea macho. "Nimekosa nini, baba? Mmeniita, nimekuja. Mmesema keti, nimeketi. Mmesema toka, nimetoka."

"Hukukosa, mama. Ila jaribio halikukusudiwa watu kama wewe."

"Sielewi. Ndege hii ikianza kazi, nikija na nauli yangu, mtanikataza kupanda?"

"La, tutakukaribisha."

"Na ikishika moto nikiwa ndani?"

Mhandisi Naetwe akafunika kalamu yake. Cheti hakikutiwa saini siku ile.

Miezi miwili ikapita. Safu tatu za viti ziling'olewa, zilizobaki zikaachanishwa. Jaribio likarudiwa, safari hii pamoja na wazee na watu wanene. Wakatoka kwa sekunde themanini na sita, ndipo Naetwe akatia saini.

Bi Sikudhani alirejea kwake bado akijiuliza kama amepanda ndege au hakupanda. Lakini mafundi wa uwanjani walikuwa wameelewa, wakaanza kuambiana, na maneno yao yakatoka uwanjani, yakafika kwa wajenga shule na watengeneza madaraja, hata leo yamewafikia ninyi: mlango haupimwi kwa mwenye mbio.