Fisi Aliyekataa Kutoa Tabora

— Milango imefungwa?

— Imefungwa, masikio yetu yako wazi.

— Na nikisema uongo?

— Tutaupokea kama ulivyo.

— Basi kaeni mbalimbali, msikie pamoja.

Katika Bonde la Majiwe, mwaka ule wa ugonjwa, waliokuwapo ni hawa. Alikuwapo Pimbi, aliyekaa kwenye ufa wa jabali. Wengine humwita panya wa mawe, lakini yeye si panya, ni Pimbi. Alikuwapo Nungunungu, wengine hulikata jina lake wakasema Nungu, nalo kamili ni Nungunungu. Alikuwapo Kanga, yaani kanga ndege, pamoja na vifaranga wake. Alikuwapo Bibi Kakakuona, mwenye magamba mwili mzima na asiye na jino hata moja. Alikuwapo Fisi, yule mwenye madoa, si yule mwenye milia. Kobe naye aliitwa, ila alikuwa bado njiani.

Ugonjwa wenyewe uliitwa Bana-Kifua. Ulianza kwa chafya, ukaendelea kwa kikohozi, kho kho kho, na mwisho mgonjwa akawa anavuta pumzi kama mtu anayevuta ng'ombe kutoka matopeni. Wanyama wakakubaliana kwa sauti za mbali: kila mmoja akae kwake, na mtu asimsogelee mwenzake karibu kuliko urefu wa twiga aliyelala.

"Na chakula?" akauliza Nungunungu. Kwa maana chakula cha bonde kiliwekwa pamoja, katika ghala moja chini ya mwamba: mtama, maharage, asali, na kumbikumbi waliokaushwa.

"Chakula niachieni mimi," akasema Fisi. "Nina nguvu, nitakilinda."

Akakilinda kweli. Alikilinda kwa kukibeba. Kila nyumba ilipofunga mlango, pu, Fisi alipita na kapu, pwata pwata pwata, akaenda nalo pangoni kwake, hata ghala likabaki na harufu tu. Kanga alipoomba mtama kidogo wa watoto, Fisi alimjibu kwa upole.

"Ugonjwa huu huambukizwa kwa kugawana, mama. Nakuhurumia wewe na wanao."

Wengine waliweza kujikongoja. Pimbi alitafuna majani ya mlangoni pake, Nungunungu alichimba mizizi nyuma ya nyumba. Lakini Bibi Kakakuona alikuwa mgonjwa, hawezi kutoka, na asiye na jino hatafuni majani wala mizizi. Chakula chake ni kumbikumbi.

"Umeamkaje, Bibi?" Pimbi alimwuliza kila asubuhi, akiwa mbali.

"Nimeamka na kikohozi changu. Tumeamka sote wawili."

"Umekula?"

"Nimekula mate, mjukuu wangu. Yana chumvi kidogo."

Pimbi akarudi ufani kwake na maneno hayo. Bibi Kakakuona asipopata kumbikumbi, ataondoka duniani. Kumbikumbi wote wako kwa Fisi. Na Fisi ana meno yanayovunja paja la nyati, ilhali Pimbi mzima, na masikio yake, ni tonge moja.

Hakumwambia mtu. Jioni alipanda juu ya jiwe la mlangoni pake, akapaza sauti bonde zima lisikie.

"Kitendawili."

Kutoka ng'ambo, sauti ya Nungunungu: "Tega."

"Nimempa jirani, na bado ninayo."

"Homa," akasema Nungunungu.

"Si hiyo."

"Kelele za watoto wangu," akasema Kanga. "Nawapa majirani kutwa, na haziishi."

"Si hizo."

Kutoka shimoni ikaja sauti nyembamba. "Ni salamu," akasema Bibi Kakakuona. "Na mimi ya jioni hii sijaipata."

"Shikamoo, Bibi," wakasema wote, mlango kwa mlango.

"Marahaba. Marahabani nyote."

Basi ikawa desturi. Kila jioni mmoja alitega, wengine walifumbua, na aliyeshindwa alitoa mji, kama ilivyo kanuni. Nipe mji. Nakupa Songea. Songea nimeikubali, jibu ni kivuli. Kanga akacheka ndani kwake. Nungunungu akacheka ndani kwake, miiba yake ikalia chaka chaka chaka. Bibi Kakakuona akacheka, akakohoa, kho kho, akacheka tena. Fisi hakucheka. Fisi alikuwa amekaa juu ya mtama wake, peke yake, akiwasikiliza.

Jioni moja uvumilivu ukamwisha. Akatoa kichwa pangoni.

"Nasikia watu wanapeana miji huku."

"Tunapeana, Bwana Fisi," akasema Pimbi.

"Miji inagawanywa na mimi sijaitwa?"

"Karibu. Tega chako. Tukishindwa, mji ni wako."

Fisi akafikiri sana. "Kitendawili."

"Tega," likaitika bonde.

"Cheupe, kigumu, kitamu."

Hata vifaranga walijua kwamba ni mfupa. Kifaranga mmoja akafungua mdomo aseme, Kanga akamziba kwa bawa. Maana Pimbi alikuwa ameshasema, "Aa, hicho ni kigumu. Tumeshindwa, Bwana."

"Nipeni mji," akasema Fisi, akatoka nje mzima.

"Nakupa Tabora."

"Tabora yote?"

"Yote."

"Na maembe yake?"

"Mji hutolewa na vilivyomo. Na maembe yake, na asali yake, na stesheni ya reli."

Fisi akaingia ndani. Nungunungu akangoja mpaka kivuli chake kipotee, akaita kwa hasira.

"Shemeji, umempa Fisi Tabora? Tabora yenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa mfupa?"

"Shemeji," akasema Pimbi, "mwenye kutega hulilia chambo?"

Jioni iliyofuata Fisi akatega tena. Chekundu, kibichi, kina damu. Wakashindwa, wakampa Kilwa pamoja na samaki wake. Jioni nyingine akatega: kimekufa jana, kinanuka leo. Wakashindwa, wakampa Kondoa. Wakampa Ujiji na dagaa. Wakampa Iringa na baridi yake, nayo akaipokea, ingawa baridi haipendi. Fisi alilala akiitaja miji yake kama mchungaji anayeita ng'ombe: Tabora, Kilwa, Kondoa, Ujiji, Iringa. Mtama ulikuwa chini ya ubavu wake, asali ilikuwa kichwani pake, hakuvitazama. Alikuwa na miji.

Pimbi akaona chungu kimechemka.

"Kitendawili," akasema jioni hiyo.

"Tega," akasema Fisi kabla ya wote.

"Bwana mmoja anacheka sana, na hakuna aliyemchekesha."

Nyuma ya mlango wa Kanga vifaranga wakaanza kusukumana. Miiba ya Nungunungu ikalia kidogo, chaka, ikanyamaza.

"Maporomoko ya maji," akasema Fisi.

"Siyo."

"Mlevi."

"Mlevi amechekeshwa na pombe. Siye."

"Radi."

"Siyo, Bwana Fisi."

Fisi akafikiri mpaka masikio yakalala. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa kile kichuguu kilichoko nyuma ya kilima."

"Hakina watu. Sikitaki. Nipe mji."

"Nakupa dimbwi la chini."

"Limekauka. Silitaki. Nipe mji. Nipe Tabora."

Fisi akarudi hatua nyuma. "Tabora hapana. Tabora nimeizoea."

"Nipe Kilwa."

"Kilwa ina samaki, Bi Pimbi."

"Kondoa, basi."

"Jina lenyewe tu linanitoa udenda. Hapana."

"Ujiji? Iringa?"

"Usinigusie Iringa."

"Basi, Bwana, chagua mwenyewe. Mimi nataka mji tu, wowote unaokaliwa."

Fisi akaipanga miji yake kichwani, mmoja mmoja, akaona hakuna hata mmoja anaoweza kuuacha. Akatazama huku na huku. Akaona pango lake, lile lile analoliona kila siku, halina reli wala samaki.

"Nakupa Pangoni," akasema.

"Pangoni kwako?"

"Pangoni kwangu. Chukua, tuendelee."

"Mmesikia?" Pimbi akauliza bonde.

"Tumesikia," akasema Nungunungu. "Tumesikia," akasema Kanga. "Hata mimi nimesikia," akasema Bibi Kakakuona, "na masikio yangu ni ya zamani."

"Pangoni nimeikubali," akasema Pimbi. "Jibu ni wewe, Bwana Fisi."

Bonde lote likacheka. Fisi akalizungusha jibu kinywani. Kisha akacheka kwa sauti ndogo, hii-hi-hi, akakatiza.

"Kweli," akasema. "Hakuna aliyenichekesha."

Na Pimbi, aliyekuwa amejiandaa kufurahi, akajikuta hana furaha aliyoitazamia.

Asubuhi akaenda na kapu lake, akasimama urefu wa twiga aliyelala.

"Hodi Pangoni kwangu."

Fisi akatoka, meno yote nje. "Kwako tangu lini?"

"Tangu jana. Mji hutolewa na vilivyomo. Nimekuja kutazama mtama wangu."

"Ule ulikuwa mchezo, wee kidude."

Pimbi akaweka kapu chini. "Ala. Mchezo? Basi samahani, Bwana. Kumbe Tabora si yako. Kilwa si yako. Nitawaambia wenzangu kwamba Bwana Fisi amerudisha miji yote."

"Ngoja kwanza."

"Na Iringa."

"Nimesema ngoja."

Fisi akasimama. Akageuka akatazama mtama. Akatazama kule kusini ilikokuwa Iringa yake. Mwisho akajisogeza kando ya mlango.

"Chukua," akasema. "Lakini Tabora ni yangu."

"Ni yako. Nani amekataa? Ila sasa wewe ni mpangaji wangu hapa Pangoni. Mpangaji mwenye mgongo mpana kama huo hawezi kukaa bure. Beba."

Ndivyo Fisi alivyoanza kubeba. Alikwenda mlango kwa mlango, pwata pwata, akaweka kapu chini, akagonga kwa fimbo ndefu, ko ko ko, akarudi nyuma urefu wa twiga aliyelala. Kwa Kanga, vifaranga wakatoa vichwa dirishani.

"Ahsante, mjomba."

Fisi akatazama nyuma kuona mjomba huyo ni nani. Hakuona mtu. Akabaki amesimama palepale mpaka Kanga akamwuliza kama amesahau kitu.

"Hapana," akasema Fisi. "Kesho mnataka maharage au mtama?"

Kwa Bibi Kakakuona kumbikumbi hawakutosha kuwekwa tu. Ilibidi watwangwe. Fisi akaweka kinu nje, mbali na shimo, akatwanga, tu, tu, tu.

"Nani anatwanga?" Bibi akauliza.

"Mimi, Fisi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unatwanga kama mtu anayepiga mwizi. Kumbikumbi hutwangwa polepole, mafuta yasikimbie."

Fisi akatwanga polepole. Akachanganya na uji na asali, akausukuma mlangoni kwa fimbo, akarudi nyuma. Akasikia bakuli linakwanguliwa. Siku baada ya siku alitwanga, wala Pimbi hakumwagiza tena.

"Kitendawili," Bibi akamwambia asubuhi moja, kutoka gizani.

"Tega, Bibi."

"Hana jino, na leo amekula akashiba."

"Ni wewe, Bibi."

"Umepata. Umeanza kuerevuka."

Fisi akashika mchi kwa mikono miwili, akaangalia chini.

"Nakupa Tabora," akasema.

"Aliyefumbua hatoi mji, mwanangu. Hujui kanuni?"

"Naijua. Nakupa."

Bibi Kakakuona akakohoa kwa muda mrefu. Kikohozi kilipopita akasema, "Nimeipokea."

Ngano imefika mlangoni, imebisha, imekwenda zake.

— Nasi tumeitikia.

Funzo lake ni hili. Siku za maradhi, ficha chakula chako mbali, ziba masikio, wala usizoeane na majirani. Wao huanza kwa kukutegea kitendawili, na mwisho wake ni watoto wa watu kukuita mjomba, na kazi ya mjomba haina likizo.

— Na Bibi Kakakuona, alipona?

Bibi Kakakuona alikufa Jumatano asubuhi.