Kwa Nini Tenga la Dunia Lina Mkia

Kabla Jua halijaanza kupumua, Dunia na mdogo wake Mirihi waliishi jirani, kila mmoja na maji yake na hewa yake. Kila mmoja alikuwa pia na chungu cha chuma kilichoyeyuka tumboni, na alipokikoroga zilitoka nyuzi za sumaku, ambazo macho hayazioni. Walizisuka kuwa tenga, wakajifunika kama mtu anavyofunika vifaranga. Matenga yale yalikuwa ya duara, mbele sawa na nyuma.

Kisha Jua likapumua. Ukatoka upepo wa moto usiokoma, ukafika kwenye tenga la Dunia.

"Hodi!"

"Sijakukaribisha," Dunia alisema.

"Nani kakuuliza? Nimeambiwa toka, sikuambiwa nifikie wapi."

Upepo ulikuja na nyuzi zake wenyewe. Zilipolala upande mmoja na za Dunia, uliteleza ukapita pembeni. Zilipolala kinyume, nyuzi za Dunia zilikatika, zikaungana na za upepo, zikaburutwa hadi nyuma. Dunia akazivuta, akasuka upya. Mkono mmoja kwenye mwiko, mmoja kwenye tenga.

Chungu cha Mirihi kilikuwa kidogo, na chungu kidogo hupoa upesi. Mwiko wake ukakwama, nyuzi zikamwishia.

"Dada, nigawie kaa moja tu la moto."

"Nikiachia mkono, upepo unaingia. Nina watoto wachanga ndani ya maji yangu."

"Hata adui hanyimwi moto, Dada. Tabia hiyo umejifunza wapi?"

Dunia alikoroga. Alimsikia mdogo wake akiita, huku hewa ikimtoka kidogo kidogo, na maji yakifuata, mpaka sauti ikakosa hewa ya kupitia.

Ndipo akaliuliza Jua, "Utapumua mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Na chungu changu kikipoa kabla?"

"Hayo ni ya jikoni kwako," likasema Jua.

Na tangu Mirihi aliponyamaza, kwa kusukumwa na upepo ule, tenga la Dunia limebonyea upande wa Jua, na nyuma lina mkia mrefu unaoupita Mwezi. Nyuzi za mkia zinapokatika na kurudi kwa kishindo, moto kidogo hupenya, na mbingu za kaskazini ya mbali na kusini ya mbali huwaka kijani. Watu husafiri kwenda kuzitazama, wakishangilia. Dunia hageuki kuzitazama, wala hageuki upande wa Mirihi, ambako limebaki vumbi jekundu. Chuma kinapoa polepole tumboni mwake. Anajua, na anakoroga.