Jina Moja Ukingoni mwa Kanga

Nina fundo mkononi. Nijibuni: lete tulifungue. Vyema. Ila nawaambia mapema, simtaki mtu wa kuniambia "kila mmoja ana haki yake" halafu akavaa viatu akaenda zake. Atakayesikiliza, ataamua.

Palikuwa na wanafunzi watatu Tanga, katika chuo cha usanifu wa michoro, darasa moja na benchi moja.

Mwanakombo alikuwa na mkono. Akikitazama kitu leo, kesho atakuchorea mpaka ufa wake.

Tunu alikuwa na kauli. Kadi za harusi za mtaani kwao, vijembe vya kina mama kwenye ngoma, vyote vilitoka kinywani mwake, na wengine wakatamba navyo kana kwamba ni vyao.

Hizza, mvulana peke yake kati yao, alikuwa na jicho la rangi. Marehemu baba yake alichanganya rangi katika kiwanda cha kanga cha mji ule mpaka kucha zake zikawa za buluu, na mtoto akakua akijua ipi inachuja na ipi inadumu.

Chuo kile kilikuwa na desturi njema. Kila mahafali, kiwanda kilichagua mchoro mmoja wa wahitimu, kikauchapa, ukaenda madukani. Walimu walijivunia jambo hilo, na kwa kweli walistahili. Wapo waliosoma vyuo vikubwa zaidi na kazi zao hazijawahi kutoka nje ya kompyuta. Mwaka ule Mwalimu Semkiwa akawaweka watatu hawa kundi moja, waje na kanga.

Mwanakombo ndiye aliyeanza. Mama yake alikwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani, yeye akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Mwanzoni simu ilikuja kila Ijumaa. Baadaye ikaja Idi kwa Idi. Kisha namba ikawa haipatikani. Basi akaichora sura ya mama yake katikati ya kanga, kubwa, inacheka. Kwenye kompyuta ilipendeza mpaka darasa zima likasogea kuitazama.

Wakaipeleka kiwandani. Mzee Mahfudhi, mkuu wa chumba cha michoro, aliitazama, akavua miwani.

"Mwanangu, umewahi kuvaa kanga?"

"Nimevaa, mzee."

"Katikati yake hukaa wapi?"

Mwanakombo akapeleka mkono nyuma, chini ya kiuno.

"Basi mama yako atakaliwa kwenye mikeka ya misiba nchi nzima," alisema Mzee Mahfudhi, na wapiga chapa nyuma yake wakaangua kicheko.

Hilo ndilo kosa la aliyejifunzia kanga kwenye kioo cha kompyuta. Kioo hakina makalio.

Mwanakombo alirudi kwao analia, Tunu akamfuata kumbembeleza. Wakati wa chakula Tunu akamwona bibi yake Mwanakombo anapakua wali, anatenga sahani moja pembeni, anaifunika kwa kawa la ukindu wa rangi. Akauliza ni ya nani. Akaambiwa ni ya mama Mwanakombo, na kawa lile alilisuka mwenyewe kabla hajasafiri. Sahani hutengwa kila siku, na jirani mwenye shida akipita hupewa. Mwanakombo alikuwa ameiona miaka yote hiyo mpaka akawa haioni tena.

"Acha sura, shoga," Tunu akamwambia. "Chora kawa."

Na palepale mkekani, mkono ungali na wali, akalitoa jina la kanga, yale maneno yanayokaa chini ya mchoro: FUNGU LAKO TUMELIFUNIKA.

Bibi aliacha kutafuna.

Mwanakombo akalichora kawa kama linavyoonekana kutoka juu, duara ndani ya duara, kila ukili uliosukwa mahali pake. Hata pale mama yake alipokosea msuko akaendelea mbele bila kufumua, alipachora vilevile palivyo.

Lakini kawa lina rangi tele, na mtambo wa kiwanda huchapa tatu tu. Wapiga chapa wakasema halichapiki. Hizza akaichukua kazi ile. Akauacha weupe wa kitambaa wenyewe uwe ukindu. Akaipitisha nyekundu juu ya manjano, ikazaliwa rangi ya nne ambayo hakuna aliyeilipia. Kisha akajifunga sampuli kiunoni, akatembea nayo ukumbini mwa chuo ili aone mchoro unakaaje mwilini. Wenzake wakamuuliza bibi harusi huyu anaolewa lini. Akawaambia walete posa, akaendelea kutembea. Aliona kawa linavunjika kwenye mkunjo, akalisogeza mpaka likatulia.

Siku ya mahafali Mzee Mahfudhi aliipapasa kanga ile kwa kidole gumba, hakucheka.

"Hii nitamnunulia mke wangu," akasema. Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa zaidi ya cheti.

Sasa fundo ndilo hili. Kwa desturi ya kiwanda, ukingoni mwa kanga huandikwa jina la mbunifu kwa herufi ndogo. Jina moja. Wauzaji huagiza kanga kwa jina hilo. Yakibanwa matatu, hakuna litakalosomeka wala litakaloshika kichwani. Mwalimu Semkiwa alipendekeza liandikwe jina la chuo. Watatu wote wakakataa, nami nawaunga mkono. Chuo hakikujifunga kanga.

Mwanakombo akasema kanga za Tanga hufika Maskati ndani ya mabegi ya wachuuzi, na wanawake wa pwani walioko kule huzigombania. Mama ataigeuza, ataona ukingo, atajua mwanawe yu hai, anafanya kazi, anamngoja.

"Mama yako atalitambua kawa lake," Tunu akamjibu. "Mtu hasahau kosa la mkono wake. Hahitaji jina."

"Atadhani kawa limeuzwa," alisema Mwanakombo. "Atadhani na bibi kafa."

Tunu akasema lake. Nchi nzima huvaa maneno, na hakuna ajuaye nani aliyatunga. Amesikia kauli zake kwenye harusi ambazo hakualikwa. Mara moja tu maishani mwake anataka mtu ayasome maneno, kisha amsome na yeye.

Hizza alizungumza mwisho, macho yakiwa kwenye kitambaa.

"Baba alitia rangi kanga za mama zenu wote. Hakuna hata moja yenye jina lake. Naye aliitwa Hizza. Jina langu ndilo jina lake."

Walikuwa marafiki, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Kila mmoja angeweza kuwaachia wenzake kitu kingine chochote.

Mzee Mahfudhi akawaambia mtambo umeshatiwa rangi, na ukingo ameuacha mweupe. Wakileta jina, litachapwa. Wasipoleta, kanga itatoka bila jina, na mwenye kuigeuza ataona kitambaa kitupu.

Basi nanyi msinikimbie. Msiseme wapige kura, kila mmoja atajipigia. Msiseme mwenye uchungu mkubwa apewe, kwani nani kati yenu ana mizani ya kupimia uchungu? Bila mkono hakuna kawa. Bila kauli ingebaki sura ya kukaliwa. Bila rangi ingebaki ndani ya kompyuta.

Fungu ni moja, limefunikwa, na waliokaa mkekani ni watatu. Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, lifunue: pale ukingoni ungeandika jina la nani?