Fisi na Kitabu cha Wageni cha Ras Kijiko

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, kuna mtu kanijibu na mhogo mdomoni. Meza kwanza. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa pwani, pakawa maji, pakawa mwongo mmoja na wasikilizaji wake!

Hapo sawa. Mwongo ni mimi. Nyinyi kazi yenu ni kuitikia na kutosinzia.

Basi hapo kale, lakini si kale sana, palikuwa na hifadhi ya nguva mahali panapoitwa Ras Kijiko. Nguva mnamjua? Mnyama mnene wa baharini, mpole, hagombani na mtu. Kazi yake kula nyasi za chini ya maji na kunyonyesha mtoto. Zamani walijaa pwani nzima. Wakaliwa, wakanaswa, wakaliwa tena, wakabaki saba. Na huyo wa saba alikuwa amezaliwa juzi.

Mlinzi wa hifadhi alikuwa Bi Kaa. Mdogo, hajazi kiganja, lakini macho yake yamesimama juu ya vijiti na hakuna kinachompita. Bi Kaa aliwapenda nguva, tena aliwapenda kwa tumbo: Mama Nguva akila nyasi huchimbua mchanga, na mchanga ukichimbuliwa Bi Kaa hupata riziki yake. Lakini yule mtoto alimpenda bure tu. Alikuwapo alipovuta pumzi ya kwanza, pfuu! Tangu siku hiyo Bi Kaa akawa anajiita shangazi.

Sasa, siku ninayoisema ilikuwa ya bamvua. Maji ya bamvua yakipwa hupwa kweli. Bahari huenda mbali ikaacha miamba nje. Mama Nguva alichelewa kutoka kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya, na mtoto akinyonya humwambii twende. Maji yakawaacha wawili hao katika dimbwi nyuma ya mwamba, kina chake magotini. Hawana pa kwenda mpaka bahari irudi.

Na asubuhi hiyohiyo, nani yule anakuja? Fisi! Kavaa kofia ya ukili, katundika mkoba begani, anatembea kama mheshimiwa aliyealikwa kufungua shule.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mtalii," akasema Fisi. "Nimesikia mna nguva, viumbe adimu, wanakwisha duniani. Nikasema niwahi, Bi Kaa, kabla hawajakwisha."

Tumbo lake likasema, nguruu-nguruu.

Bi Kaa akalitazama tumbo. Akaitazama bahari: iko kule mbali, ndiyo kwanza imeanza kugeuka. Kumzuia Fisi kwa nguvu hawezi. Gando lake halitoshi hata sikio la Fisi. Na akimwambia nguva hawapo, Fisi atawatafuta mwenyewe, na atawapata.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Hapa madimbwi ni arobaini, na mawe yake ni wembe. Nitakupeleka mwenyewe mpaka ubavuni kwa mtoto. Ila kwanza utasaini kitabu cha wageni."

"Kiko wapi?"

Bi Kaa akakimbia upande upande, kacha-kacha-kacha, mpaka ukingoni mwa maji. Akachora mistari mchangani.

"Hiki hapa. Jina, unakotoka, shida yako, sahihi. Asiyeandikwa haingii."

Fisi akachutama. Akaandika jina. Akaandika kwao. Akaandika shida yake: Chakula.

"Chakula?" akauliza Bi Kaa.

"Chakula cha roho! Mimi nikitazama kiumbe adimu, roho yangu hushiba."

"Haya, tia sahihi."

Fisi akainua ukucha atie sahihi. Shwaaa! Wimbi. Ukurasa mweupe.

"Pole, mgeni. Andika upya."

Bi Kaa akasogea nyuma hatua mbili, akachora mistari mingine. Fisi akachutama. Akaandika jina. Akaandika kwao. Akaandika shida yake. Akainua ukucha atie sahihi. Shwaaa!

"Pole, mgeni. Andika upya."

"Kwa nini tusiandike kule juu, pakavu?"

"Kule ni kitabu cha wanaotoka. Wewe umeshaingia?"

"Bado."

"Basi."

Fisi akaona ni kweli. Mnacheka? Nimewaona na nyinyi, kwenye benchi tangu asubuhi, fomu mkononi, mnaambiwa dirisha si hili.

Akachutama tena. "Mvumilivu hula mbivu," akajiliwaza, akalamba midomo. Akaandika jina.

"Hii ni herufi au umekanyaga?" akauliza Bi Kaa.

"Ni herufi."

"Ifute, uiandike vizuri. Kitabu hiki kinasomwa na wakubwa."

Akaifuta, akaiandika vizuri. Akaandika kwao. Akaandika shida yake. Akainua ukucha. Shwaaa!

Mara ya nne, mara ya tano, mara ya tisa. Jua likapanda utosini. Kila ukurasa ulikuwa nyuma ya ule uliopita, na kila wimbi lilikuwa mbele ya lile lililopita. Fisi hakuangalia bahari hata mara moja. Mwenye njaa huangalia sahani tu. Bi Kaa naye jicho moja kalitia kwenye ukurasa, la pili kalitia kwenye mwamba.

Ndipo Fisi akapasuka kwa hasira. "Nimechoka! Nitaanza kukutafuna wewe!"

"Ukali wa nini, mgeni wangu? Sahihi tumekusamehe. Nifuate."

Wakaenda, mmoja upande upande, mwingine akichechemea juu ya mawe. Wakafika penye dimbwi. Dimbwi liko wapi? Bahari tupu, imejaa. Na kule mbele, pfuu! Pua kubwa. Pfuu! Pua ndogo.

Fisi akaruka. Chubwi! Kofia ikaenda zake, mkoba ukaenda zake, Fisi akaenda chini. Akanywa maji ya chumvi, akakohoa, akajikokota mpaka ufukweni masikio yamelala.

"Ndio wale," akasema Bi Kaa kutoka juu ya mwamba. "Ulikuja kuwaona, umewaona. Karibu tena."

"Nimedhulumiwa!" akalia Fisi. "Nataka kulalamika!"

"Hiyo haki yako."

Bi Kaa akateremka, kacha-kacha-kacha, mpaka ukingoni mwa maji. Akachora mistari.

"Kitabu cha malalamiko hiki hapa. Jina, unakotoka, shida yako, sahihi."

Fisi akachutama.

Jioni Bi Kaa akahesabu pua juu ya maji. Saba. Akahesabu tena, si kwa shaka, kwa raha tu. Saba. Fisi yeye alikuwa bado anaandika, na ndiyo maana hata leo ukimtazama nyuma yake imeshuka. Ni kuchutama huko.

Ngano hii inatufunza nini? Inatufunza kufuata taratibu. Mwenye kufuata taratibu hachelewi, na alichokiendea hukipata. Hamniamini? Muulizeni Fisi, ila mngojeni kwanza atie sahihi.

Maji yalipokomea, na ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikizidi chumvi, ni ya Fisi.