Mpambe wa Namkunda

Anayependa hadithi lakini hapendi kuamua, aondoke mapema. Hii ya leo nataka jibu.

Palikuwa na wasichana watatu, mashoga wa Namkunda, pale Same. Nakijwa alikuwa mpiga chapa. Neno likipita mkononi mwake halipotei. Sifuni alifundisha watoto viziwi. Elinaja alitengeneza simu, tena kwa subira ambayo mimi sikupewa.

Namkunda akaletewa barua ya posa. Wazee wake watatu waliishi mbalimbali, basi akaiweka kwenye tovuti yake, pamoja na video ya mchumba akijitambulisha. Walitakiwa kujibu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa. Mmoja akikataa au akikaa kimya, barua inarudi. Na katika ukoo ule mzee hasomewi posa, anasoma mwenyewe. Zamani mmoja alisomewa, msomaji akauruka mstari uliosema bwana ana mke tayari.

Tovuti ilipendeza kama kadi ya harusi, na ndilo lilikuwa kosa: barua nzima ilikuwa picha yenye maua pembeni. Mjomba Kiondo haoni. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Ikamwambia "picha", ikanyamaza. Akapiga simu.

"Mpwa wangu, umeposwa na picha?"

Namkunda akawaita mashoga zake, akaapa: atakayeiokoa posa hii ndiye mpambe wangu.

Nakijwa akaichapa barua upya, neno kwa neno, iwe maandishi. Na picha ya mchumba iliyokuwa juu ya barua akaiwekea maelezo: kijana mrefu, ana mwanya, amebeba mbuzi kana kwamba mbuzi ndiye mgeni rasmi. Mjomba akasikiliza mara mbili, akacheka, akaridhia.

Shangazi Navoneiwa ni kiziwi. Aliandika kwamba hamtoi mtoto kwa mdomo unaochezacheza tu. Sifuni akaandika chini ya video kila alichosema mchumba, hata pale alipokohoa kwa woga. Shangazi alipofika kwenye kikohozi, akaridhia. Asiyeogopa siku ya posa, alisema, hamchukui mtoto wake.

Akabaki Bibi wa Usangi, ambaye mikono inamtetemeka. Ijumaa, saa tano na nusu, likaingia jibu lake: SIRIDHII.

Namkunda akakaa sakafuni. Elinaja hakukaa. Alivitazama vitufe vya majibu: vidogo kama punje za ulezi, vimebanana, rangi imefifia. Akavikuza, akavikoleza, akavitenganisha, akaongeza swali: "Una hakika?" Kisha akampigia Bibi afungue tena. Hakumwambia abonyeze kipi.

Dakika nne kabla ya saa sita: NARIDHIA. Na kwenye swali la uhakika Bibi alibonyeza ndiyo mara tatu.

Vigelegele vikafika sokoni. Vilipotulia, ubishi ukaanza.

"Mjomba aligoma wa kwanza," akasema Nakijwa. "Bila mimi tungeishia pale."

"Mjomba alicheka, shoga. Shangazi ndiye aliyekuwa jiwe," akajibu Sifuni.

Elinaja akasema, "Ninyi mlifungua milango. Mimi nimerudisha hapana iliyokwisha kutoka."

Msinijibu "wote watatu". Hilo ni jibu la waoga. Kiti kando ya bibi harusi ni kimoja, na kiapo ni kiapo. Wazee nimewauliza, kila mmoja amemtaja aliyemfungulia yeye. Zimebaki sauti zenu.

Fundi wa gauni la mpambe ameshika futi, anasubiri kumpima mmoja. Je, wewe ungemwita nani asimame?