Redio za Fundi Kindi Haziishi

Hapo kale hasa, wanyama walipokuwa na nyumba zenye madirisha, Kindi alikuwa fundi wa redio. Redio mpya kabisa, hazijapata kuonekana porini. Ukibisha, basi wewe hukuwapo.

Mzee Ndovu aliagiza yake, Bi Kiboko naye yake. Kila asubuhi, dum! dum! wakapanda kilima kwenda kwa Kindi.

"Hodi, fundi! Tayari?"

"Bado kidogo, mzee wangu. Swichi inalegea. Nikikupa hivi hivi itakuaibisha mbele za watu. Keti, chai iko motoni."

Ndovu huketi, akalalamikia meno yake. Bi Kiboko huja na viazi na matusi.

"Muongo wewe! Jana swichi, juzi spika, leo nini?"

"Betri, bibi. Inachemka. Unataka ikuunguze ndevu?"

"Nani ana ndevu?"

Kwa! kwa! kwa! Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Kumbe redio zote mbili zilikwisha zamani! Ziko uvunguni, zimefunikwa gunia. Kindi hakuwa na mke wala ndugu, na alijua: akizitoa tu, hakuna atakayepiga hodi tena. Wageni wakiondoka, aliviacha vikombe vyao mezani bila kuviosha, ili nyumba ionekane ina watu.

Siku moja Bi Kiboko alikosa kiti, akajitupa kitandani. Kacha! Kitanda kikabonyea, kikagusa kitu.

"Krrr... na sasa, muziki laini!"

"Nini hiyo?"

"Ni mimi, bibi. Naimba kidogo."

"Mbona mdomo umeufumba?"

Ndovu akapitisha mkonga uvunguni, akazivuta zote mbili.

"Mtu mzima kama mimi unanipandisha kilima kila siku, kumbe zinaimba!"

Kindi akatafuta uongo mwingine. Mara hii haukuja.

"Mkizichukua, hamtakuja tena," akasema kwa sauti ndogo.

"Tuje kufanya nini?" akauliza Bi Kiboko. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

Haya ikamshika Kindi.

"Kweli, bibi," akajibu. "Mje kufanya nini."

Wakashuka, kila mmoja na redio yake begani. Kindi akasimama mlangoni, akausikiliza muziki mpaka ukapotelea chini ya kilima.

Basi, wanangu: ukimtaka mtu, mwambie njoo, usimfichie redio yake.